Mkono wa Gulrukh

Asubuhi ile Kaaha alimwaga rojo la mikate ya anjera mara mbili. Mara ya kwanza mama yake alijifanya hakuona. Mara ya pili Rukiyo aliinuka pale alipokuwa amechutama, akaja akasimama juu ya kichwa cha bintiye.

"Naa Kaaha, huo ni mkono gani?"

Kaaha akautazama mkono ulioshika upawa kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa kushoto.

"Umeponyoka tu, Hooyo."

"Huo haujawahi kuponyoka. Unaufungulia wewe. Sasa nisikilize vizuri maana sitarudia. Baada ya alasiri wazee wa Bulle watakaa pale kwenye mkeka, na wewe ndiye utakayewapelekea maziwa. Utampa Billow, ami yake, kwa mkono wa kulia. Kutoka mlangoni hadi alipo ni hatua saba. Hatua saba hizo, mwanangu, uzuie huo mkono. Yanayobaki utayajua mwenyewe na mumeo."

"Na Aabo akiniuliza?"

"Akikuuliza unanyamaza. Msichana akinyamaza ameridhika, hata kadhi anajua hivyo. Kuna kazi nyepesi kuliko kunyamaza?"

Kaaha hakujibu. Rukiyo, ambaye siku hiyo kila kitu kwake kilikuwa ishara njema, akadhani mazoezi yameshaanza.

Bulle hakuwa na kasoro ya kutajwa. Alikuwa kijana wa Sangailu, mrefu, mpole, mwenye ng'ombe wengi na sifa nyingi. Kaaha alikuwa amemwona mara mbili, na mara zote mbili Bulle alikuwa anawatazama ng'ombe. Ukoo wake ulisifu kila kitu cha Kaaha ila kile ambacho hawakukijua, kwa sababu tangu utotoni Rukiyo alikuwa akimfunga binti yake mkono wa kushoto kwa kitambaa, akimfungua wakati wa kulala tu. Kitambaa kiliondoka, mkono ukabaki vilevile.

Na mtu aliyekuwa akimkosesha raha Kaaha hakuwa Bulle, maskini. Alikuwa Mursal, dereva wa lori la Sharifo mwenye duka. Lori hilo lilikuwa kivukoni asubuhi hiyohiyo, likingoja pantoni lililokwama mchangani lifukuliwe, ili livuke mto Tana, lishike njia ya Nairobi, na pengine lisirudi naye tena.

Mwaka ule wa hamsini na nne Garissa ilikuwa ndogo. Ukipiga chafya sokoni, mtu wa kivukoni anakuombea rehema. Sinema iliwahi kuingia mara moja tu, miaka mitatu nyuma, wakati Sharifo alipoleta mashine yake ya picha na kutundika shuka nyeupe kati ya nguzo mbili nyuma ya duka. Wanaume walikaa upande wa mbele, ilipokuwa mashine. Wanawake, kwa heshima, waliwekwa upande wa pili, nyuma ya shuka. Mchezaji alikuwa Gulrukh wa Bombay, yule ambaye uso wake kila mtu alikuwa ameshauona kwenye kalenda ya dukani. Basi wanawake wa Garissa wakamwona Gulrukh akila kwa mkono wa kushoto. Akaandika barua kwa mkono wa kushoto. Akamzaba kofi mwanamume mwovu kwa mkono huohuo, kofi la haki kabisa. Akina mama wakashika vinywa: mwanamke mzuri vile, hana mama wa kumfunga mkono?

Kaaha, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alilia kwa furaha mpaka Eddo Fatumo, shangazi yake, akamuuliza kama anaumwa na tumbo. Tangu siku hiyo alikuwa na mwenzake mmoja duniani.

Mashine iliharibika baada ya wiki, shuka ikarudi kitandani kwa Sharifo, na sinema ya Garissa ikabaki kuwa mdomo wa Mursal. Kila Ijumaa akirudi kutoka Nairobi, alikaa juu ya kasha nyuma ya duka na kusimulia filamu aliyoiona huko. Wanaume walikaa mbele yake. Wanawake walikaa nyuma ya uzio wa mikeka, kama zamani. Watu walisema ni bora kuliko mashine, maana haharibiki na hanywi mafuta. Na filamu iliyowashika roho kuliko zote ilikuwa ile aliyoisimulia kwa miezi mitano, kipande kwa kipande, ambamo Gulrukh alikuwa mwanamke wa mwisho duniani.

"Hebu nihadithie na mimi," alisema Asli walipokuwa wakiteremka mtoni na madebe. Asli alikuwa binti wa ami yake, aliyerudi Jumatano baada ya kukaa mwaka mzima Isili, Nairobi, kwa kaka yake. "Kila nyumba ninayoingia ni Gulrukh na jua, Gulrukh na jua. Jua limefanya nini?"

Hapo Kaaha alipata uhai kidogo.

"Limeshuka. Limeshuka mpaka ukisimama juu ya ngamia unaligusa kwa fimbo. Bahari imekauka, samaki wanatembea nchi kavu wakiuliza njia. Nyota zinapukutika. Watu wamekwisha wote, amebaki Gulrukh peke yake na ngamia mwenye mabawa, ila ngamia hawezi kuruka kwa sababu ya kiu. Kuna visima saba, kila kisima kina jini wake, na kila akinywa anaacha kitu. Cha kwanza aliacha bangili. Cha nne aliacha jina."

"Jina?"

"Jini alilinywa. Tangu hapo hakuna wa kumwita."

"La haula!"

"Sasa yuko kwenye kisima cha saba. Ametupa kamba kwa ule mkono wake wa kushoto, na kamba imekuwa nzito. Kuna mtu chini. Anamwita kwa jina lake, lilelile lililonywewa. Na jua liko hapa." Kaaha aliweka kiganja juu ya utosi. "Huenda ni mtu, huenda ni jini wa saba. Akivuta, jua litamkuta hapohapo. Akiiachia kamba, anawahi kivuli cha mlima, anapona peke yake."

"Halafu?"

"Halafu Mursal akasema mpaka safari ijayo. Na leo anaondoka hajamaliza."

Asli aliliweka debe chini katikati ya njia. Hakuwa msichana mbaya, lakini alikuwa amekaa mwaka mzima Nairobi, na mwaka wa Nairobi humfanya mtu ashindwe kuficha anachojua.

"Kaaha, kaka yangu anakata tikiti mlangoni pa sinema. Nimeziona zote za Gulrukh, nyingine mara tatu. Huyo kazi yake ni kuimba bustanini, kulia stesheni na kuolewa. Ngamia hajamwona hata kwa mbali. Filamu hiyo haipo."

"Haijafika ulikokuwa wewe."

"Haipo, walaal. Na tena Gulrukh si wa kushoto."

"Nilimwona kwa macho yangu haya!"

"Ulikaa wapi?"

Kaaha akamweleza. Asli akacheka, kisha alipoona uso wa mwenzake akaacha. Alivua mtandio wake mwembamba, wenye ua lililotariziwa, akaunyosha kati yao wawili.

"Kwangu ua limelalia kulia. Kwako je?"

Lilikuwa limelalia kushoto.

Kaaha alilitazama lile ua kwa muda mrefu. Wanawake wa mji mzima walikuwa wamemhukumu Gulrukh kwa miaka mitatu kwa kosa la shuka iliyogeuza picha, na hakuna mwanamume aliyewasahihisha, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mumewe, mwanamke wa Bombay anakula kwa mkono gani. Lakini hilo halikumchekesha. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa na mwenzake mmoja duniani, na sasa hana. Na Mursal, aliyekaa mbele ya shuka na kuona vyote sawasawa, alimsimulia uongo kila Ijumaa kwa miezi mitano.

"Nishikie debe langu," alisema.

"Unakwenda wapi? Kaaha! Leo ni siku yako ya kuposwa!"

Mursal alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha lori akifuta mafuta mikononi. Kule majini watu walikuwa wakifukua mchanga chini ya pantoni na kuvuta kamba yake kwa kelele. Alipomwona Kaaha anakuja peke yake, hatua za haraka, vumbi nyuma yake, alisimama upesi mpaka akagonga kichwa kwenye mlango.

"Kaaha."

"Filamu hiyo uliiona wapi?"

Hakukuwa na salamu.

"Nakuuliza. Uliiona wapi? Ulikaa kiti gani? Ulikata tikiti kwa nani? Maana anayekata tikiti huko ni kaka yake Asli, na hajawahi kuiona."

"Sikuiona," alisema Mursal.

Kaaha alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na hilo jibu fupi likamwacha bila pa kukanyaga. Hasira ikapanda zaidi.

"Unajua ulichonifanya? Miezi miwili iliyopita ulipomtuma mjomba wako kwa Aabo, Aabo alisema nini? Alisema hampi binti yake mtu anayecheza na Kiyama. Mimi, Mursal, mimi ambaye sijawahi kumjibu baba yangu, nilimjibu! Nilimwambia, 'Aabo, Mursal hachezi na kitu, anaeleza tu alichokiona, wenye kosa ni waliotengeneza.' Niliapa. Umenifanya niape uongo mbele ya baba yangu."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa unawachekesha watu kwenye kasha!"

"Kaaha, nisikilize..."

"Na Gulrukh! Ukamtia mkono wa kushoto kwa makusudi. Ulikuwa unajua kwamba sisi wanawake tumeona kinyume, ukatudanganya hivyohivyo kama vipofu. Mlicheka sana upande wenu, eh?"

"Hakuna aliyecheka." Mursal alilitupa chini tambara la kufutia mafuta. Sasa na yeye alikuwa amekasirika, na hasira ilimfaa. Ilimwondolea ule uso wa mtu wa kusimulia, ikamwacha na uso wake mwenyewe. "Wanaume waliniuliza, tangu lini Gulrukh akawa wa kushoto? Niliwaambia dunia ikifika mwisho kila kitu hugeuka. Lakini hiyo siyo sababu. Unataka sababu?"

"Sitaki."

"Nitakupa. Mwaka jana, kabla ya mvua, nilikuwa nasimulia filamu ya kweli, ya watu wa Bombay, nikakaukiwa koo. Nikaomba maji. Ukatokea mkono juu ya uzio wa mikeka umeshika kikombe. Wa kushoto. Una hina mpaka kwenye kifundo. Kabla sijapokea nikasikia mwanamke anakemea, mkono ukatoweka. Ukatokea wa kulia na kikombe kilekile, unatetemeka, nusu ya maji yakanimwagikia."

Kaaha aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka pia sauti ya mama yake.

"Niliuliza ni mkono wa nani, nikaambiwa binti wa Barre," Mursal aliendelea, sauti imeshuka. "Tangu siku hiyo sijaingia sinema hata moja. Nikifika Nairobi wenzangu wanaingia ndani, mimi nabaki ndani ya lori natunga. Gulrukh nilimwazima uso tu. Ningewezaje kukaa mbele ya watu nikasema, kulikuwa na binti wa Barre, amebaki peke yake duniani? Baba yako angenichinja. Nikaweka uso wa kalenda, mkono nikauacha wako. Anayetupa kamba ni wewe. Aliyeacha jina kisimani ni wewe, kwa sababu nilipokusikia ukiitwa nyuma ya ule uzio ni kwa kukemewa tu."

Upepo ulipita, ukainua vumbi kati yao. Kaaha alimpenda. Alimpenda tangu zamani, kwa sauti tu, kutoka nyuma ya mikeka, na sasa alimpenda huku akitamani kumrushia kitu.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Nilikuwa nakuambia kila Ijumaa. Mji mzima ni shahidi."

"Usinichekeshe, Mursal. Leo wanakuja wazee wa Bulle."

"Najua. Ndiyo maana Sharifo nimemwambia naacha kazi. Nalifikisha lori Nairobi kisha nashika njia ya Kampala. Siwezi kukaa hapa nikakuona na shashi ya mke wa mtu kichwani."

"Na filamu?"

"Filamu imefia kisimani. Mwisho wake siujui. Nimejaribu." Alimtazama, na macho yake hayakuwa na mzaha hata chembe. "Aliyeshika kamba si mimi."

Kelele zikazuka mtoni. Pantoni lilikuwa limeanza kutikisika. Asli alikuwa akimwita kwa mbali, madebe mawili miguuni. Kaaha aligeuka akaondoka bila kuaga, akilia kwa hasira.

Wazee wa Bulle walifika mara baada ya sala ya alasiri. Walikuwa wanne, wamevaa safi, wakiongozwa na Billow, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Barre, baba yake Kaaha, aliwakaribisha kwenye mkeka mpya. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa maneno machache, na watu wa Garissa walimwamini kwa sababu moja: ngozi ikiwa na tundu, alilionyesha mwenyewe kabla mnunuzi hajauliza.

Waliulizana habari za mvua, za malisho, za ng'ombe karibu mmoja mmoja. Ndani, nyuma ya pazia, Rukiyo alimfunga binti yake mtandio, akamfungua, akamfunga tena. Eddo Fatumo alimpa kikombe kikubwa cha mbao kilichojaa maziwa.

"Kulia," alinong'ona Rukiyo. "Hatua saba, na unyamaze."

Kaaha alitoka. Kikombe kilikuwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia, kama siku zote, haukujua kazi. Maziwa yalicheza ukingoni. Hatua ya kwanza, bangili. Ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne alimkumbuka yule jini aliyekunywa jina, akaona miaka yake yote ya mbele huko Sangailu: kila asubuhi akijizuia, kila mgeni akimtetemekea, na mume mpole asiyejua hata siku moja kwamba aliletewa nusu ya mtu. Hatua ya tano aliikanyaga kwa uzito. Ya sita maziwa yalikaribia kumwagika.

Ya saba akahamisha kikombe.

Maziwa yalitulia pale pale. Akapiga magoti mbele ya Billow, akakinyosha kikombe kwa mkono wa kushoto, imara, wala halikumwagika tone.

Mazungumzo yalikatika. Nyuma ya pazia kitu kilianguka. Billow alikitazama kikombe, akautazama mkono, asipokee.

"Adeer, nisamehe," alisema Kaaha. "Sikupi huu kwa dharau. Ndio mkono wangu. Nimezaliwa nao, na mlikuwa hamjaambiwa. Nimeona ni vibaya mwondoke hapa mmebeba kitu ambacho hamkuonyeshwa."

"Kaaha!" alisema baba yake.

"Aabo, umewahi kuuza ngozi ukaficha tundu?"

Wazee wengine watatu walitazama mkeka kana kwamba umeandikwa kitu.

Billow ndiye aliyenyosha mkono. Alipokea kikombe kwa mkono wake wa kulia, akasema bismillahi, akanywa hadi nusu, akampa aliyekaa karibu naye.

"Mama yangu mimi alikuwa akikamua kwa kushoto," alisema taratibu, akifuta ndevu. "Ng'ombe hawakulalamika. Kwa mkono peke yake, binti, sisi hatuondoki. Barre, muulize. Tuko mashahidi."

Kaaha hakuwa amelitegemea hilo. Alidhani mkono utamaliza kazi yote, na kumbe mkono ulikuwa hatua saba tu; bado kulikuwa na kisima chenyewe.

Barre alimgeukia. "Kaaha binti Barre. Bulle anakutaka kwa heshima, na mimi nimeridhika. Wewe wasemaje?"

Nyuma ya pazia Rukiyo alikuwa akiomba dua kwa sauti ya chini. Aliomba binti yake anyamaze. Sekunde chache tu za kunyamaza, na ingekuwa imekwisha, bila ubaya kwa mtu yeyote ila mmoja. Kutoka kivukoni zilisikika sauti za wavutaji wa kamba ya pantoni wakiitikiana, na ngurumo ya lori likipanda juu ya mbao za pantoni.

"Sitaki, Aabo."

"Sema tena."

"Bulle ni mtu mwema, na namwombea aliye bora kuliko mimi. Lakini sitaki. Moyo wangu una mtu, na wewe unamjua. Na jambo jingine: nilikuapia kwamba alisimulia alichokiona. Niliapa uongo bila kujua. Hakuiona popote. Aliitunga mwenyewe yote, jua na visima na ngamia. Nimejua leo."

Billow aliinuka kwanza, akawainua wenzake kwa macho. Hakuonekana kuwa na kinyongo. "Amesema mapema," alimwambia Barre. "Wengine husema ng'ombe wakishafika." Wakaagana kwa mikono miwili, wakaondoka na heshima yao.

Nyumba ikabaki na kilio cha Rukiyo. Barre alikaa palepale kwenye mkeka mpya, akikizungusha kile kikombe kitupu. Kaaha alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa anangoja kufukuzwa.

"Kumbe aliitunga," alisema baba yake.

"Ndiyo, Aabo."

"Bahari kukauka, samaki kuuliza njia. Yeye mwenyewe."

"Ndiyo."

Barre alipumua. "Nilipomkatalia mjomba wake sikukataa dereva. Nilikataa mtu anayesema Siku ya Kiyama ameiona. Hakuna aliyeiona. Mtu akisema 'nimetunga', hiyo ni hadithi, hata watoto wanajua. Akisema 'nimeona', huo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo siuingizi nyumbani kwangu." Alikiweka kikombe chini. "Akitaka kurudi hapa na mjomba wake, kwanza akae kwenye lile kasha mbele ya watu waliomwamini, aseme kwa mdomo wake. Watamcheka. Tuone kama atavumilia. Mimi sijasema ndiyo."

"Najua, Aabo."

"Sijasema."

Kaaha alikuwa ameshasimama. Aliingia ndani, akampita mama yake, akamshika bega Asli, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, kwa nguvu mpaka Asli akaguna.

"Kimbia! Pantoni limeondoka. Mwambie anatakiwa aseme mbele ya watu wote kwamba ni yeye aliyetunga. Mwambie... mwambie Gulrukh amevuta kamba."

"Atanielewa?"

"Kimbia, Asli!"

Asli alikimbia, mtandio mkononi. Kaaha alitoka nyuma ya nyumba, akapanda juu ya mzigo wa ngozi za baba yake, mahali ambapo mto ulionekana wote. Maji yalikuwa machache, mekundu kwa udongo. Pantoni lilikuwa limefika katikati, lori juu yake, abiria na mbuzi wamebanana pembeni. Wavutaji walikuwa wameinama wakivuta kamba kuelekea ng'ambo, ng'ambo ya Nairobi na Kampala.

Alimwona Asli akifika ukingoni, akipunga mtandio juu ya kichwa, akipiga kelele ambazo hazikumfikia yeye. Akamwona mtu akiteremka kutoka kwenye lori. Mtu huyo alisimama, mkono sikioni. Kwa muda hakufanya kitu, na Kaaha alijua anachokipima: watu wote wa Garissa, wanaume mbele na wanawake nyuma ya mikeka, wakimcheka mtu waliyemwamini kwa miezi mitano.

Kisha Mursal akaenda moja kwa moja kwa wavutaji, akajipenyeza katikati yao, akaishika kamba.

Abiria walianza kufoka. Mbuzi walilia. Mzee mmoja alirusha fimbo juu kwa hasira. Pantoni lilisimama katikati ya mto, likayumba kidogo, halafu, polepole, likaanza kurudi.